Mama anasahau, kaka anataka kumnunulia vidonge: dawa za kawaida na Alzheimer

SWALI: Habari wataalamu. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Buzuruga, Mwanza. Ana presha na sukari. Anatumia amlodipini mg 5 mara moja kwa siku na metifomini mg 500 asubuhi na jioni, mwaka wa saba sasa. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile, na juzi alisahau dagaa jikoni hadi sufuria ikaungua. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo imesambaa sauti inayosema wanasayansi wamegundua kwamba dawa za kawaida zinazuia Alzheimer: ibuprofeni, aspirini, dawa za kolesteroli, metifomini, hata sildenafili, ile ya nguvu za kiume. Kaka yangu anataka tumnunulie mama. Je, ni kweli? Na wanazipimaje hizo dawa hadi waseme zinazuia?

JIBU: Dada, msimnunulie mama hata kimoja kati ya vidonge hivyo kwa ajili ya kusahau. Ibuprofeni ya kila siku inaweza kumpandishia presha na kumharibu figo, na aspirini inaweza kumvujisha damu tumboni. Hata hivyo kaka yako hakudanganywa moja kwa moja. Habari hiyo ina chanzo cha kweli, ila imefika kwenu ikiwa imekatwa katikati.

Januari 2025 watafiti wakiwemo wa vyuo vikuu vya Cambridge na Exeter, Uingereza, walikusanya tafiti 14 zilizochambua taarifa za matibabu za watu zaidi ya milioni 130, wakiwemo milioni moja wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambao Alzheimer ndiyo chanzo chake kikubwa. Waliona kwamba waliowahi kupewa antibayotiki, dawa za virusi, chanjo, au dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni, walipata dimenshia kwa kiwango cha chini kuliko wengine. Kwa dawa za presha, za sukari na za sonona, matokeo yaligongana. Watafiti wenyewe walisema hiyo ni orodha ya dawa zinazostahili kwenda kupimwa. Neno "kupimwa" ndilo lililodondoka njiani.

Sababu ya kuhangaika na dawa za zamani inaeleweka. Dawa mpya huchukua miaka kumi na zaidi kutengenezwa, na zilizopo ni ngumu kuzitumia. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18 kwa watu walio mwanzoni kabisa. Mgonjwa hutundikiwa dripu kila wiki mbili na kupigwa picha za MRI, kwa sababu dawa inaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake. Kidonge ambacho kila mfamasia anakijua, madhara yake yanafahamika na bei yake haimtishi mtu, kingekuwa neema kubwa kwetu kuliko kwa mtu yeyote. Ndiyo maana uvumi wake unasambaa haraka.

Jinsi mafaili ya hospitali yanavyopotosha

Utafiti wa aina hii hausubiri kumpa mtu dawa. Unafungua mafaili ya zamani na kuuliza: waliotumia dawa hii na wasioitumia, nani alipata dimenshia zaidi? Kazi inakwenda haraka na haigharimu sana, lakini kuna mitego, na mtego mkubwa ni wa mambo kugeuka kichwa chini.

Mabadiliko ya Alzheimer katika ubongo, yaani mabaki ya protini ya amiloidi kati ya seli na vifundo vya protini ya tau ndani yake, huanza miaka 15 hadi 20 kabla dalili hazijaonekana. Sasa mfikirie mzee wa Igoma ambaye ugonjwa umeshaanza kimyakimya. Goti linamuuma, lakini halalamiki kama zamani, hakumbuki kwenda duka la dawa, wala hamtumi mjukuu. Miaka mitano baadaye anatambuliwa kuwa na dimenshia. Faili lake linaonyesha ibuprofeni kidogo sana. Jirani yake mwenye akili timamu alilalamika goti kila wiki, akanunua ibuprofeni kila wiki, na hakupata dimenshia. Kompyuta inasoma: ibuprofeni inalinda. Ukweli ni kwamba ugonjwa ndio uliopunguza ununuzi wa dawa.

Halafu kuna suala la nani anaandikiwa dawa. Mtu anayetumia dawa ya kolesteroli miaka kumi bila kukatisha mara nyingi amesoma, ana bima ya afya, havuti sigara na anahudhuria kliniki. Hayo yenyewe yanapunguza hatari. Takwimu zinaweza kusawazisha yale yaliyoandikwa kwenye faili, lakini haziwezi kusawazisha ambalo halikuandikwa popote.

Mtego wa tatu huwanasa hata wataalamu. Utafiti ukisema "waliotumia dawa miaka mitano walipata dimenshia mara chache", uliza: ili mtu aingie kwenye kundi hilo si ilibidi kwanza aishi miaka hiyo mitano bila dimenshia? Ni kama kusema kuvua ziwani miaka arobaini kunarefusha maisha, kwa kuwa kila aliyevua miaka arobaini ni mzee.

Sildenafili ni mfano mzuri wa mitego hii. Mwaka 2021 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichambua madai ya bima ya watu zaidi ya milioni 7 na kukuta watumiaji wake walikuwa na hatari ya Alzheimer iliyo chini kwa asilimia 69. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Marekani ikaangalia watu waliopewa dawa hiyo kwa presha ya mishipa ya mapafu, ikiwalinganisha na wagonjwa wenzao wa tatizo hilo hilo waliopewa dawa ya kundi jingine. Tofauti haikuonekana. Na dawa haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni aliyelinganishwa naye. Kwa hiyo ukisikia asilimia kubwa namna hiyo kutoka kwenye mafaili, jambo la kwanza ni kutilia shaka kundi la kulinganishia.

Dawa zilipopelekwa kwenye mizani

Jaribio la kweli hufanyika hivi. Watu wenye sifa zinazofanana hugawanywa kwa kura inayopigwa na kompyuta. Nusu wanapata dawa, nusu wanapata kidonge kitupu chenye rangi, umbo na ladha ile ile. Mshiriki hajui amepata kipi, na daktari anayempima kumbukumbu hajui pia. Kura hiyo ndiyo inayosawazisha elimu, chakula, bima na yale yasiyoandikwa. Kamati huru ya usalama inafungua takwimu katikati ya safari na ina mamlaka ya kusimamisha jaribio.

Tuanze na dawa za maumivu, kwa sababu ndizo zilizopewa matumaini makubwa. Jaribio la ADAPT huko Marekani liliandikisha watu 2,528 wenye miaka 70 na zaidi ambao mzazi au ndugu yao alikuwa na Alzheimer. Wakapewa naproksini, selekoksibu au kidonge kitupu. Desemba 2004 dawa zilisitishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na ufuatiliaji uliofuata haukuonyesha kinga yoyote. Wapo wanaosema zilianzishwa zikiwa zimechelewa, kwamba zingeanza mtu akiwa na miaka 50 zingefanya kazi. Inawezekana. Lakini kumpa mtu dawa ya kundi hilo kila siku kwa miaka ishirini ni kumweka kwenye hatari inayojulikana ya vidonda vya tumbo na ugonjwa wa figo, ili kukwepa kitu cha kubahatisha.

Aspirini ilipimwa vizuri kuliko dawa nyingi. Jaribio la ASPREE lilikuwa na watu 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, wasio na ugonjwa wa moyo. Walitumia mg 100 kwa siku kwa karibu miaka mitano. Dimenshia haikupungua. Waliovuja damu kwa kiwango kikubwa walikuwa asilimia 3.8 kwa aspirini na 2.8 kwa kidonge kitupu. Hapa niweke angalizo: kama mtu aliandikiwa aspirini baada ya kiharusi au mshtuko wa moyo, hiyo ni habari tofauti kabisa na asiiache.

Dawa za kolesteroli nazo zilipata sifa kubwa kutoka kwenye mafaili mwaka 2000. Zikaja kupimwa: simvastatini mg 40 kwa watu 20,536 nchini Uingereza, pravastatini mg 40 kwa wazee 5,804 wa miaka 70 hadi 82 huko Ulaya. Moyo ulinufaika. Kumbukumbu haikuonyesha tofauti. Majaribio mapya kwa wazee yalianzishwa Marekani na Australia kwa atovastatini mg 40, lengo likiwa ni kuangalia kama mtu anabaki na akili yake na uwezo wa kujihudumia. Kwa mama yako swali la dawa ya kolesteroli lipo, lakini kwa sababu nyingine: ana sukari na ana miaka 71, hivyo daktari anaweza kumpa ili kumkinga na kiharusi na moyo. Mwulizeni.

Antibayotiki, hizo hizo zilizong'ara kwenye uchambuzi wa 2025, zilikuwa zimeshapimwa kwa wagonjwa zamani. Doksisaiklini na rifampisini zilipewa watu 406 huko Kanada, na hazikusaidia. Minosaiklini ilipewa watu 544 nchini Uingereza kwa miaka miwili, hali ikawa ile ile. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu. Ukimpa mtu peke yake bila ratiba ya TB unatengeneza vijidudu sugu, na juu ya hayo inapunguza nguvu ya amlodipini mwilini. Dawa ya virusi, valasaiklovia gramu 4 kwa siku, nayo ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 120 na matokeo ya 2025 hayakuonyesha faida. Novemba mwaka huo huo ikaja semaglutidi, dawa ya sukari na unene iliyosifiwa kuliko zote: majaribio mawili, washiriki 3,808 walio mwanzoni mwa Alzheimer, na kasi ya ugonjwa haikupungua.

Wapo walioumia. Mwaka 2003 jaribio la WHIMS la Marekani lilikuta kwamba wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa mchanganyiko wa homoni za kike, estrojeni na projestini, walipata dimenshia mara mbili ya wenzao. Mafaili kabla ya hapo yalisema homoni zinalinda. Hilo moja linatosha kumnyamazisha yeyote anayesema "jaribu tu, haina madhara".

Metifomini bado inapimwa, na mama yako anaitumia tayari kwa sukari, jambo ambalo ni sahihi. Nitairudia, maana ina shimo lake.

Je, hakuna kilichofaulu? Kipo, na kwa bahati ni kile kilichoko zahanati: kushusha presha. Mwaka 1998 jaribio la Ulaya lilitumia nitrendipini, dawa ya ukoo mmoja na amlodipini, kwa wazee 2,418 wenye presha ya juu, na wagonjwa wapya wa dimenshia walipungua kwa nusu, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo. SPRINT MIND ya Marekani, watu 9,361, ilishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya 140. Hali ya kupungukiwa kumbukumbu isiyofikia dimenshia ilishuka kwa asilimia 19, na dimenshia yenyewe ikashuka bila kufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Lakini jaribio hilo liliwaacha nje wenye sukari. Linalotufaa zaidi ni la vijijini China, lililochapishwa 2025: vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha, wakihudumiwa na wahudumu wa afya wa kijiji, bila kuwa madaktari bingwa, wakitumia dawa za kawaida kufikisha chini ya 130/80. Baada ya miaka minne dimenshia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15. Wahudumu wa namna hiyo tunao Misungwi na Ukerewe. Wanachokosa mara nyingi ni mashine nzima ya kupimia na dawa zisizokatika.

La pili la kuangalia kwa makini ni chanjo ya mkanda wa jeshi. Huko Wales, kuanzia Septemba 2013, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye aliruhusiwa kuchanjwa. Aliyezaliwa siku moja kabla hakuruhusiwa maisha yake yote. Watu hao wawili wanatofautiana kwa siku tu, kana kwamba kura imepigwa. Ndani ya miaka saba, waliochanjwa walipata dimenshia pungufu kwa karibu moja ya tano. Mitego niliyoeleza juu hainasi hapa kirahisi, na ndiyo sababu nauamini utafiti huu kuliko ule wa sildenafili. Bado haujawa jaribio, na chanjo hiyo haimo katika mpango wa taifa wa chanjo Tanzania. Kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwa sasa.

Jaribio kama hilo likifanyika Mwanza

Umeuliza wanapimaje. Tupige hesabu kwa mfano. Chukulia kati ya wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, 10 watapata dimenshia ndani ya miaka mitano, na dawa inawapunguza kuwa 8. Ili tofauti hiyo isionekane kuwa bahati, unahitaji wazee wapatao 3,200 kila upande. Mmoja kati ya watano atahama kwenda kwa watoto Dar es Salaam, atakufa au atachoka. Kwa hiyo unaandikisha 8,000 kwa kuanzia. Utafiti wa watu 60 uliosifiwa mitandaoni hauwezi kujibu swali hili, hata ukifanywa kwa uaminifu wote.

Ugumu wa kwanza hapa ni umri. Baada ya miaka 65 hatari ya dimenshia huongezeka karibu mara mbili kila miaka mitano, na wazee wengi wa Magu au Sengerema hawana cheti cha kuzaliwa. Watafiti wanauliza kwa matukio: uhuru wa 1961 ulikuta umeolewa? Azimio la Arusha 1967 ulikuwa na watoto wangapi? Kosa la miaka minne mitano linaweza kumeza athari yote ya dawa.

Ugumu wa pili ni kipimo cha akili. Vipimo vya Ulaya humwomba mtu achore pembe tano zilizopandana, aandike sentensi, ahesabu kwenda nyuma kwa saba saba. Bibi ambaye hakusoma na hajashika kalamu anaanguka mtihani huo akiwa mzima kabisa, kisha anaandikwa mgonjwa. Kwa ajili hiyo kilitengenezwa kipimo cha IDEA, kilichoundwa na kujaribiwa Tanzania na Nigeria: kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, kutaja wanyama wengi ndani ya dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno, na maswali machache ya siku na mahali. Jumla ni alama 15. Hata hicho kinahitaji anayeuliza kwa Kisukuma fasaha pale Kiswahili kinapokuwa lugha ya pili, na kwanza mtoto wa jicho na usikivu viangaliwe. Asiyesikia maneno hawezi kuyakumbuka. Kwa taarifa, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliopima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, ulikadiria kiwango cha dimenshia kuwa asilimia 6.4. Ugonjwa huu si wa Wazungu.

Kuna kipimo cha damu cha protini ya tau, p-tau217, kinachosaidia kuchagua washiriki wenye Alzheimer kweli kweli. Sampuli yake hutakiwa kutenganishwa mapema na kuhifadhiwa kwenye baridi kali, nyuzi 80 chini ya sifuri kama inakaa muda mrefu. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, sampuli za miezi zinaharibika kwa usiku mmoja.

Uwezo wa kufanya jaribio kubwa tunao. Kituo cha Majaribio ya Tiba Mwanza, MITU, kilichoko eneo moja na taasisi ya utafiti ya NIMR, kilisimamia jaribio la chanjo ya HPV kwa wasichana 930 kupima kama dozi moja inatosha. Na kabla ya hapo Mwanza ilishaandikwa duniani. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 za mkoa huu, kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Miaka michache baadaye, ng'ambo ya ziwa huko Rakai, Uganda, walitoa antibayotiki kwa watu wote kwa awamu na VVU havikupungua. Mbinu zilitofautiana, na janga la VVU lilikuwa katika hatua tofauti. Ndiyo sababu hata jaribio zuri hurudiwa mahali pengine kabla ya kubadilisha matibabu ya nchi.

Mtu akiwajia nyumbani na "utafiti wa dawa ya kusahau", mwombeni kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na cheti cha maadili kutoka NIMR. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili na nakala ibaki kwenu. Kwa asiyejua kusoma, awepo shahidi asiye mtu wa utafiti. Mshiriki halipi senti. Akitaka kujitoa anajitoa na matibabu yake ya kawaida yanaendelea. Anayewauzia dozi akisema mko kwenye utafiti ni tapeli, hata akivaa koti jeupe.

Mama sasa

Anzeni na mfuko. Wekeni ndani yake kila anachomeza, pamoja na cha kununua bila cheti, virutubisho na miti shamba, mpeleke kwa mfamasia au daktari. Kuna vidonge vinavyozima kemikali ya asetilikolini, ile ile ambayo kumbukumbu inaitegemea. Klofeniramini, yaani piritoni, ambayo watu wanameza kila jioni kwa mafua au ili walale, ni mojawapo. Zimo pia promethazini, na amitriptilini inayotolewa kwa miguu kuwaka moto kwa wenye sukari. Utafiti wa Seattle wa 2015 uliofuata watu 3,434 wa miaka 65 na zaidi ulikuta waliotumia dozi sawa na piritoni mg 4 kila siku kwa miaka mitatu walikuwa na hatari ya dimenshia kubwa kwa asilimia 54. Ni utafiti wa ufuatiliaji, una mitego ile ile, lakini athari ya haraka ya kuchanganyikiwa inajulikana bila ubishi. Badala ya piritoni, kwa mzio setirizini au loratadini mg 10 ni nafuu zaidi kwa ubongo. Amitriptilini na diazepamu zisikatwe ghafla. Daktari azipunguze kidogo kidogo.

Metifomini ya miaka saba inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo husababisha kusahau na ganzi miguuni. Ombeni kipimo cha B12. Kisipopatikana kirahisi, daktari anaweza kuamua kumpa sindano akiangalia dalili na wingi wa damu. Kwenye safari hiyo hiyo apimwe tezi ya shingo, kaswende, VVU, kreatinini (kipimo cha figo), chumvi za damu na HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu). Kadhaa kati ya hivyo vinatibika kabisa. Hospitali za Sekou Toure au Bugando ni sehemu nzuri za kufanyia. Ombeni pia apimwe kumbukumbu rasmi, na aulizwe kuhusu huzuni, maana sonona ya wazee huvaa sura ya kusahau. Dawa yake ya sukari ikibadilishwa, jueni kwamba glibenklamidi haifai kwa mtu aliyezidi miaka 60, kwa kuwa hushusha sukari kupita kiasi na kwa muda mrefu. Gliklazidi ni salama zaidi.

Presha ndiyo mtakayoishughulikia kila wiki. Kabla ya kupima akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu. Kitambaa cha mashine kilingane na mkono; kikibana mkono mnene kinasoma juu kuliko kweli. Pimeni mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba. Tupeni za siku ya kwanza, zilizobaki mchukue wastani. Ukizidi 130/80, mpelekeeni daktari daftari hilo. Amlodipini mg 5 ina nafasi ya kupanda hadi 10, ingawa huvimbisha miguu, au ataongezewa losatani, dawa nyingine ya presha, baada ya kuangalia figo. Pimeni pia akiwa amesimama, baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akihisi kizunguzungu, mwambieni daktari kabla ya kuongeza chochote, kwa sababu kuanguka na kuvunjika nyonga kutamrudisha nyuma kuliko presha ya 145. Na mkimpa ibuprofeni juu ya losatani na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Kwa maumivu ya goti parasetamoli inatosha kuanzia.

Nyumbani, dawa ziwekwe kwenye kiboksi cha siku saba na mtu mmoja asimamie. Asiyekumbuka kama amemeza humeza tena, au haimezi kabisa. Na kwa upande wetu huu wa Ziwa, ambako vikongwe wamewahi kudhuriwa kwa tuhuma za uchawi, waambieni majirani mapema kwamba mama anatibiwa ugonjwa wa kusahau, ili akikutwa kwenye ua wa mtu usiku aelekezwe nyumbani.

Kusahau kwa Alzheimer hutambaa kwa miezi. Akibadilika ndani ya saa au siku mbili, akawa hajui alipo, anasinzia mchana au anaona visivyokuwepo, hapo pana kitu kingine: malaria, maambukizi ya mkojo, kiharusi, sukari iliyoshuka. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kabla ya kutoka mlangoni pimeni sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, mrudie ikiwa haijapanda. Kama hawezi kumeza msimpe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mwende.